Umefika Ukurasa wa Ngapi?



Sifa zote njema anazistahiki Allah (S.W.), aliyemfunza mwanadamu yale asiyoyajua, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake, maswahaba wake na kila anayefuata uongofu wake mpaka Siku ya Malipo. Amma baad.

Ndugu zangu na dada zangu katika imani, toleo hili nilipangiwa kuandika juu ya fadhila za kusoma. Nikaandika ukurasa mmoja na nusu, kisha nikaufuta. Fadhila za kusoma mnazijua. Hakuna khutba ya wiki ya kwanza ya muhula isiyotukumbusha amri iliyoshuka katika pango la Hira. Nimeona ni bora niandike juu ya lile tunalolifanya baada ya kusoma, na wengi wetu kabla hata ya kusoma, nalo ni kuvizungumzia vitabu na kubishana juu yake. Nitaanza na kosa langu mwenyewe, maana sioni nitamnasihi nani na huku nimelificha.

Wanaohudhuria wanaijua halaka yetu ya Alhamisi baada ya Isha. Tunakaa kwenye kona ya msikiti, karibu na kabati la misahafu, dada zetu upande wao wa pazia. Kila mmoja anataja kitabu anachokisoma kwa sasa, amepata nini humo na nini hakukubaliana nacho, kisha wengine wanamjibu. Haina mwalimu, haina mtihani, na mara nyingine haina hata chai. Kwa watu wanaotoka Bujumbura, Bukavu, Kigali, Kampala na Mombasa, ni mahali pa nadra ambapo Kiswahili ndicho kinachotukusanya, kwani vitabu vyenyewe tunavisoma kwa lugha zisizofanana. Mmoja anasoma kwa Kifaransa, mwenzake kwa Kiingereza, aliyetoka madrasa anasoma Kiarabu. Mara ngapi tumegombana nusu saa, halafu tukagundua ugomvi ulikuwa wa wafasiri! Tafsiri ya mmoja imeandika "hofu" na ya mwenzake imeandika "utawa", na neno la asili ni taqwa kwa wote wawili. Siku hiyo mtu alikwenda kuleta tafsiri ya Sheikh Abdallah Saleh Farsy, ile iliyotoka mwaka 1969, ili atuamue.

Muhula uliopita, ndugu mmoja wa kitivo cha sayansi, mtu mpole asiyezoea kusema, alikuja na juzuu moja ya Ihya Ulumid-Din ya Imam al-Ghazali, imechakaa, jalada limeshikwa na gundi. Akasema anasoma kitabu cha nne humo, kinachohusu siri za Swala. Akasema, huku anaangalia chini, kwamba tangu aanze kukisoma amekuwa akifika msikitini kabla ya adhana, na kwamba siku moja alilia katika sijda, jambo ambalo halijawahi kumtokea. Alisema maneno machache sana. Nadhani alijitayarisha wiki nzima kuyasema.

Nikanyoosha mkono. Mimi mwanafunzi wa Islamic Studies, mwaka wa tatu, nimekaa mbele. Nikasema: "Akhi, hicho kitabu kina hadithi dhaifu na za kubuni. Wanazuoni wakubwa wamekikosoa. Ibn al-Jawzi amekikosoa. Kule Cordoba kilichomwa moto. Angalia unachokiingiza moyoni mwako." Nikaendelea hivyo kwa dakika kama kumi. Baadhi ya watu wakatikisa vichwa, na sikufichi ndugu msomaji, nilijisikia vizuri.

Ndipo ikatoka sauti ya dada mmoja nyuma ya pazia: "Samahani kaka, wewe umefika ukurasa wa ngapi?"

Nikajibu: "Dada, kitabu hiki hakihitaji ukurasa, ni maarufu." Watu wakacheka. Yule ndugu akafunga juzuu yake, akaitia kwenye begi taratibu. Alhamisi iliyofuata hakuja, wala iliyofuata.

Ukweli ni kwamba sikuwa nimekifungua kitabu kile hata siku moja. Yote niliyoyasema niliyatoa kwenye klipu ya dakika nne niliyotumiwa kwenye simu na ujumbe mmoja mrefu wa kundi la WhatsApp usio na jina la mwandishi.

Sasa ndugu yangu, usikimbilie kusema nilidanganya. Laiti ningedanganya, jambo lingekuwa wazi. Ibn al-Jawzi kweli alikikosoa. Hadithi dhaifu kweli zimo. Cordoba kweli kilichomwa. Nilisema kweli bila elimu, na hilo ndilo lililonisumbua nilipoisoma tena Suratul-Israa, aya ya 36, ambayo Allah (S.W.) anatukataza humo kuyafuata tusiyo na ujuzi nayo, na kutujulisha kwamba masikio, macho na moyo, vyote vitaulizwa. Katazo halikuwekewa sharti kwamba jambo liwe la uongo. Mtu akifyatua jiwe gizani likampata nyoka, bado alikuwa anarusha mawe gizani penye watu. Masikio yangu yangesema: tulisikia klipu. Macho yangesema: sisi hatukuona kitu. Na moyo? Moyo ungesema ulikuwa unatafuta kutikisiwa vichwa. Mtume (S.A.W.), katika hadithi aliyoipokea Imam Muslim katika utangulizi wa Sahihi yake, ametufahamisha kwamba inamtosha mtu kuhesabiwa kuwa muongo ikiwa atasimulia kila anachokisikia. Zamani niliidhani hadithi hii ni ya wambea wa sokoni. Kumbe hata aliyekaa mbele kwenye halaka inamfikia.

Nikaenda maktaba. Kwanza nilikwenda kutafuta silaha, nikiri. Nilitaka kurudi Alhamisi na nambari za kurasa. Nilichokikuta kilinigeuza.

Hebu tuwaangalie hao wanazuoni niliojificha nyuma yao. Al-Ghazali alifariki mwaka 505 Hijria, sawa na 1111. Ibn al-Jawzi wa Baghdad alifariki mwaka 597, yaani 1201. Kweli alikuwa mkali juu ya Ihya. Hakuridhika na hadithi zake, wala na baadhi ya visa vya masufi alivyoviona vinapingana na fiqhi, na alizikusanya kasoro hizo katika maandishi ya peke yake. Lakini klipu yangu iliishia hapo, na yeye hakuishia hapo. Alikaa chini akaandika Minhajul-Qasidin, ambacho ni Ihya ile ile iliyofupishwa. Mpangilio ni wa al-Ghazali, milango ni ya al-Ghazali, akaondoa alichokiona kibovu na akabakisha alichokiona kizima. Baadaye Ibn Qudama al-Maqdisi, si yule wa al-Mughni bali Ahmad bin Abdir-Rahman aliyefariki mwaka 689 Hijria, akakifupisha na hicho. Ndicho hiki Mukhtasar Minhajil-Qasidin ambacho wengi wetu tunacho, na pengine tunakitumia kama ushahidi wa kuiacha Ihya! Ndugu yangu, hicho ulichokishika ni mjukuu wake.

Kisha akaja al-Hafidh Zaynud-Din al-Iraqi, aliyefariki mwaka 806, yaani 1404. Huyu aliichukua Ihya yote, robo zake nne na vitabu vyake arobaini, akaifuata hadithi kwa hadithi: hii kaipokea fulani, hii isnadi yake dhaifu, hii sikuipata asili yake. Kazi hiyo huchapwa chini ya kurasa za matoleo mengi ya Ihya mpaka leo. Fikiria subira hiyo. Mtu anakitilia kitabu shaka, basi anakisoma zaidi ya wanaokipenda.

Na ule moto wa Cordoba nilioutaja kwa fahari? Ulikuwa mwaka 503 Hijria, wakati wa Murabitun chini ya Ali bin Yusuf bin Tashfin, na al-Ghazali mwenyewe yu hai bado. Sina haja ya kuwahukumu watu wa zama zile. Walikuwa na siasa zao na hofu zao. Nasema tu hili: moto ule haukumsaidia msomaji hata mmoja kujua hadithi ipi ni dhaifu. Aliyemsaidia ni al-Iraqi na kalamu yake. Na mimi, katika wote hao, nilikuwa nimejiweka upande wa moto.

Nikaanza kukisoma kitabu tangu mwanzo. Cha kwanza katika vile arobaini ni Kitabu cha Elimu, na mlango wake wa nne unahusu mijadala: kwa nini watu huikimbilia, masharti yake ni yapi, na maafa yake ni yapi. Haandiki humo kama mtu wa pembeni. Alikuwa bingwa wa mijadala ya wanazuoni, alifundisha katika Nidhamiyya ya Baghdad akiwa na wanafunzi mia tatu, mpaka mwaka 488, yaani 1095, alipoiacha cheo na mshahara akaondoka. Anayajua maradhi ya ulingo kwa sababu aliugua. Anayataja: husuda, kiburi, kinyongo, kusengenya, kujisifu, kupekua aibu za mwenzio, kuchukia haki ikitoka kwa mpinzani. Lililonisimamisha ni kufurahi kwa mwenzako kuanguka. Nililisoma nikakiweka kitabu mezani. Nilikumbuka vile vichwa vinavyotikisika.

Katika masharti, anataka mtafuta haki awe kama mtu aliyepotelewa na kitu, haimshughulishi kama kitaonekana mkononi mwake au mkononi mwa anayemsaidia. Kwetu Buyenzi, mbuzi akipotea jioni, watoto wa mtaa mzima hutoka kumtafuta. Atakayemwona wa kwanza hupiga kelele, na wote hufurahi, kwa sababu mbuzi kapatikana. Sijawahi kumwona mtoto akimficha mbuzi uchochoroni ili amwone yeye baadaye. Sisi wa halaka tunafanya hivyo. Mwenzako anataja hoja nzuri, unaiona ni nzuri, na bado unaipinga mpaka uje uiseme wewe kwa maneno yako wiki ijayo.

Kuna hadithi ya Abdullah bin Masud (R.A.) katika Sahih Muslim ambayo tunaitaja sana tunapozungumzia mavazi. Mtu mmoja alieleza kwamba mtu hupenda nguo yake iwe nzuri na kiatu chake kiwe kizuri, na Mtume (S.A.W.) akabainisha kwamba hicho sicho kiburi, kiburi ni kuikataa haki na kuwadharau watu. Dada aliponiuliza ukurasa, aliniletea haki, nikaikataa kwa mzaha. Ndugu aliposimulia sijda yake, nilimdharau kwa sababu anasoma hesabu na mimi nasoma dini. Nusu zote mbili za ule ufafanuzi, katika usiku mmoja, ndani ya msikiti.

Sasa, jambo hili lilipojulikana, halaka ikaangukia upande wa pili. Kwa wiki tatu kila mtu alikuwa akitaja kitabu chake na wote wanaitikia "Maashaallah", basi, tunahamia kwa mwingine. Ndugu mmoja akaleta hadithi ya Abu Umama aliyoipokea Abu Daud, juu ya nyumba pembezoni mwa Pepo kwa aliyeacha mabishano hata kama ana haki, akasema: basi tuache kujadiliana kabisa, kila mtu asome chake.

Sikukubaliana naye, na sikubaliani naye leo. Kinachoachwa katika hadithi ile ni mabishano ya kushindana. Ingekuwa kila majadiliano yanaachwa, Suratun-Nahl aya ya 125 isingemwamrisha Mtume (S.A.W.) kujadiliana kwa njia iliyo bora. Na Suratuz-Zumar aya ya 18 inawasifu wanaosikiliza kauli kisha wakaifuata iliyo nzuri zaidi. Utaipataje iliyo nzuri zaidi ikiwa imesemwa moja tu na wengine wote wameitikia "Maashaallah"? Kunyamaza kwetu hakukuwa adabu. Tulikuwa tunaogopana, tukaiita hofu hiyo heshima.

Tazama madhehebu ambayo wengi wetu wa Afrika Mashariki tumelelewa ndani yake. Imam al-Muzani, aliyefariki mwaka 264 Hijria, ni mwanafunzi wa Imam Shafii aliyeifupisha elimu ya mwalimu wake katika Mukhtasar, kitabu ambacho wanazuoni wa madhehebu wamekishereheshea kwa karne nyingi. Ndani ya kitabu hicho hicho al-Muzani anataja kauli ya Shafii, kisha mahali pengine anasema yeye anaona vingine na anaeleza kwa nini. Hakufukuzwa kwenye madhehebu. Amekuwa nguzo yake. Na Shafii mwenyewe aliyaandika upya mengi alipohamia Misri, tukawa na kauli ya zamani na kauli mpya. Wala tusimsahau Yunus bin Abdil-A'la as-Sadafi, mwanafunzi mwingine wa huko Misri. Adh-Dhahabi amepokea kwamba alijadiliana na Shafii katika jambo wakaachana bila kukubaliana, kisha Shafii akakutana naye, akamshika mkono na kumuuliza kama haifai wao wabaki ndugu hata kama hawakuafikiana katika mas'ala moja. Mimi nilikuwa nikiisimulia habari hii kama ya upole. Ukiitazama vizuri, aliyeshika mkono ni mwalimu. Mwenye cheo ndiye aliyetangulia.

Na al-Ghazali, kabla hajawajibu wanafalsafa, anaeleza katika al-Munqidh kwamba alitumia muda wake wa ziada karibu miaka miwili kuzisoma elimu zao, kisha karibu mwaka mzima kuyatafakari aliyoyasoma. Mimi nilitumia dakika nne. Ibn Rushd alipomjibu yeye baada ya karne, alinukuu maneno ya al-Ghazali kipande kwa kipande na kuweka jibu lake chini, kiasi kwamba ungeweza kusoma hoja ya mpinzani ndani ya kitabu cha anayempinga. Wakubali au uwakatae hawa wawili, hakuna aliyemsingizia mwenzake jambo ambalo hakulisema.

Kutokana na hilo tukaweka sharti moja kwenye halaka, na ni dada yule yule wa ukurasa aliyelitoa. Anayetaka kukipinga kitabu, kwanza ataje kinasema nini, na aliyekileta aseme: ndiyo, ndivyo kinavyosema. Asipopata ndiyo hiyo, anakaa. Sharti dogo, lakini limetupunguzia nusu ya makelele. Linanipata mimi zaidi ya wengine.

Lilijaribiwa mapema. Dada mwingine alileta riwaya, na baadhi ya ndugu walianza kunung'unika kwamba msikitini hatuzungumzii riwaya. Ilikuwa ni Peponi, tafsiri ya Kiswahili ya Ida Hadjivayanis ya kitabu cha Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar aliyepata tuzo ya Nobel ya fasihi mwaka 2021. Kitabu chenyewe kilitoka kwa Kiingereza mwaka 1994 na kwa Kiswahili mwaka 2022. Kinamhusu kijana aitwaye Yusuf ambaye baba yake ana deni, akachukuliwa na tajiri Aziz kama rehani, akasafirishwa na misafara ya biashara kwenda bara. Sisi wa Burundi na Kongo tukaketi vizuri. Kiswahili chetu kilifika kwetu kwa njia za misafara kama hiyo.

Ndugu mmoja akasema kitabu hiki kinawavunjia Waislamu heshima, maana tajiri ni Muislamu na anamshika mtoto wa mtu kwa deni. Akaongeza kwamba kuichezea Suratu Yusuf, kwa jina la Yusuf, la Aziz, na mke wa bwana anayemtamani kijana, ni utovu wa adabu. Dada akamuuliza: kitabu kinasema nini? Akaeleza. Alikuwa amekisoma nusu, akakiri hilo bila kuulizwa. Dada akasema: ndiyo, hivyo ndivyo. Kisha akajibu kwamba aibu haikuanza kwa mwandishi. Suratul-Baqara aya ya 280 inataka mdaiwa aliye katika dhiki apewe muda mpaka apate wepesi, na katika Sahihi ya Bukhari imepokewa kwamba miongoni mwa watatu ambao Allah (S.W.) mwenyewe atakuwa hasimu wao Siku ya Kiyama ni aliyemuuza muungwana akala thamani yake. Mtoto wa mdaiwa ni muungwana. Sasa, alisema, ikiwa pwani yetu ilikuwa na matajiri wanaoswali na kumfanya mtoto wa watu rehani, nani ameuvunjia Uislamu heshima: wao, au aliyeandika? Na kama hatuwezi kulitaja sisi ndani ya msikiti, tukiwa na aya mkononi, tumwachie nani alitaje?

Ndugu akanyamaza kidogo, kisha akasema jambo ambalo bado linanizungusha kichwani. Alisema: "Mimi na wewe tunayo aya mkononi. Msomaji wa mbali ambaye hana aya atafunga kitabu akidhani tajiri yule ndiyo Uislamu. Mwandishi hakumpa ile aya." Dada akasema si kazi ya riwaya kutoa aya. Yeye akasema basi ni kazi ya nani? Saa ya kufunga msikiti ikatukuta hapo hapo. Sijui nimwelekee nani. Nilipokuwa nikitembea kwenda bweni, niliwasikia wawili hao wakiendelea kila mmoja na wenzake, na hakuna aliyemtukana mwenzake.

Nimebakiza yule ndugu wa Ihya.

Nilikwenda chumbani kwake baada ya wiki tano. Wiki tano, ndugu zangu, na bweni lake liko mwendo wa dakika sita. Nilikuwa nimeandaa maneno mengi juu ya al-Iraqi na Ibn al-Jawzi. Akafungua mlango, akanikaribisha, akanipa kiti kimoja alichokuwa nacho, yeye akakaa kitandani. Nikamwomba msamaha. Nikamwambia sikuwa nimekisoma. Akasema amenisamehe, kwamba hakukasirika. Nikamuuliza: "Sasa mbona huji?"

Akasema: "Niliona aibu. Nilidhani kumbe machozi yangu yalikuwa ya hadithi ya uongo."

Na akaniambia kwamba tangu usiku ule aliacha kufika kabla ya adhana. Alikuwa anakuja na iqama, au anaswali chumbani.

Hilo sikuwa nimeliandalia jibu. Nilidhani nimemuumiza mtu heshima yake mbele ya wenzake, jambo ambalo samahani inalitibu. Kumbe niliingia kati ya mja na sijda yake, kwa klipu ya dakika nne. Nikipekua vitabu vyote vya maktaba sitaipata namna ya kuzirudisha Swala za wiki tano. Namwomba Allah (S.W.) anisamehe, na nawaomba nyinyi mniombee.

Tulichofanya ni kuanza kukisoma pamoja, Jumamosi baada ya Alasiri, kile kitabu cha nne. Mimi nashika toleo la Kiarabu lenye kazi ya al-Iraqi chini ya ukurasa, yeye anashika juzuu yake ya gundi. Tukifika penye hadithi tunashuka chini kuangalia. Nyingine imo katika Bukhari na Muslim, naye anaiwekea alama ya nyota kwa penseli. Nyingine ni dhaifu, anaiwekea duara. Kuna moja aliyoipenda sana ikapata duara, akaitazama kwa muda. Nikamuuliza kama inamhuzunisha. Akasema hapana, sasa anajua asimame wapi anapoisoma. Ndivyo nilivyopaswa kumfanyia usiku ule wa kwanza, na ningetumia dakika zile zile kumi.

Kwenye halaka bado hajarudi. Sijamsukuma. Adhuhuri ya juzi nilimkuta msikitini kabla yangu.

Alhamisi hii tunakutana palepale, kona ya kabati la misahafu, baada ya Isha inshaallah. Peponi inaendelea, ndugu mpinzani ameomba tumngoje kwani zimembakia sura mbili. Wasio na kitabu waje tu, na wenye pdf kwenye simu wasione haya, vitabu ni ghali na sote tunajua. Na mimi, kwa atakayeuliza, niko katikati ya siri za Swala, sijamaliza.

Wabillahi tawfiiq, wassalaam alaykum warahmatullaahi wabarakaatuh.